Fundi hakudanganya: kwa nini nati za pikipiki hulegea hata zikiwa zimekazwa

Mdogo wangu anaendesha bodaboda Morogoro. Jumamosi moja alipeleka pikipiki kwa fundi kukaza cheni, kazi ya dakika 15. Jumanne iliyofuata, akiwa na abiria nyuma, alikanyaga breki ya nyuma kabla ya tuta. Gurudumu likagoma ghafla, kama limefungwa kamba. Wote wawili chini. Bahati nzuri mwendo ulikuwa mdogo. Abiria alichubuka goti, mdogo wangu akavunjika mtulinga. Wiki 6 bila kazi, na hesabu ya mwenye pikipiki inamsubiri.

Walipoinua pikipiki waliona kuna nati haipo. Kwenye pikipiki nyingi zenye breki ya ngoma kuna kipande kirefu cha chuma kinachounganisha bamba la breki ya nyuma na swingamu. Kazi yake ni kulizuia bamba hilo lisizunguke pamoja na gurudumu. Nati yake ikitoka, siku ukikanyaga breki bamba linabebwa na gurudumu, fimbo ya breki inavutwa nalo, breki inajikaza yenyewe, na gurudumu linafunga. Ndicho kilichotokea.

Fundi akaapa: "Ile nati niliikaza kwa mkono wangu huu." Kijiweni wakamuona mwongo. Hata mimi siku ile nilimuona mwongo. Lakini mimi nasoma uhandisi wa mitambo, na nilipotulia nikagundua kwamba naweza kumwamini. Inawezekana kabisa nati ikazwe leo, tena kwa nguvu zote, na keshokutwa ikawa barabarani peke yake. Ukielewa inavyowezekana, utajua pia namna ya kuizuia. Twende taratibu.

Bolti ni springi

Wengi wetu tunadhani bolti ni kama kigingi: inapita kwenye tundu, inakaa, basi. Sivyo inavyofanya kazi. Unapokaza nati unaivuta bolti, nayo inarefuka kidogo sana, kama springi. Kwa kuwa inataka kurudi kwenye urefu wake, inavibana vile vipande viwili vya chuma vilivyo katikati. Kubana huko ndiko kunakoshika pikipiki yako pamoja.

Tuweke namba. Chukua bolti ya unene wa milimita 8, ile unayoifungua kwa spana namba 12 au 13. Shika spana sentimita 20 kutoka kwenye nati, kisha vuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa ndoo ya maji ya lita 10. Umeweka nguvu ya kuzungusha ya kama nyutonimita 20, ambayo kwenye vitabu vya pikipiki utaiona imeandikwa 20 Nm. Kwa bolti safi, hiyo inazaa nguvu ya kubana ya kama nyutoni 12,500. Yaani uzito wa tani 1 na robo, kwenye kabolti kasikozidi kidole!

Sasa jiulize: imerefuka kiasi gani? Kama sehemu inayobanwa ina urefu wa milimita 30, bolti imerefuka milimita 0.05 hivi. Huo ni unene wa unywele mmoja mwembamba. Shikilia namba hiyo kichwani, maana matatizo yote yanaanzia hapo. Tani nzima na robo ya kubana inategemea unywele mmoja wa chuma kilichovutika. Ukiupoteza huo unywele, umepoteza vyote.

Mkono wako unapima kitu kingine

Hapa ndipo fundi, na mimi, na wewe, tunapodanganywa na mikono yetu.

Ukizungusha spana, nguvu yako haiendi yote kuivuta bolti. Kwa makadirio, karibu nusu inaliwa na msuguano chini ya nati, pale inaposugua washa. Kama asilimia 40 inaliwa na msuguano ndani ya hesi, yaani zile nyuzi zilizochongwa kuzunguka bolti. Asilimia 10 tu ndiyo inayoirefusha bolti. Umelipa shilingi 100, umepata bidhaa ya shilingi 10.

Kwa hiyo ule ugumu unaousikia mkononi ni msuguano kwa sehemu kubwa. Bolti yenye kutu na mchanga itakataa kuzunguka mapema, wewe utasema "hii imekaza," kumbe haijavutika hata nusu ya inavyotakiwa. Na kinyume chake: ukipaka oili kwenye hesi, msuguano unapungua, na mvuto uleule wa mkono unairefusha bolti zaidi ya ulivyokusudia. Ndiyo maana vipimo vya kitabu huwa vinataja kama bolti ikazwe kavu au ipakwe oili. Hawaandiki kwa kupenda urembo.

Na ule mtindo wa kuchomeka bomba kwenye spana ili "ishike vizuri"? Bomba likifikisha mkono wako sentimita 60, mvuto uleule wa ndoo ya lita 10 unakuwa 60 Nm. Bolti ya milimita 8 yenye chapa 8.8 kichwani, ambayo ni bolti nzuri ya kawaida, huanza kuharibika kabla hata ya kufika hapo. Inavutika na hairudi tena, kama lastiki ya soksi iliyochoka. Unaweza kuitazama ukaona nzima, lakini springi imeshakufa. Siku nyingine itakatika bila taarifa.

Inalegea kabla ya kuzunguka

Jambo ambalo watu wengi hawalijui: bolti inaweza kulegea bila nati kuzunguka hata kidogo.

Kumbuka ule unywele wa milimita 0.05. Sasa chini ya nati weka rangi ya fremu, vumbi la barabara ya changarawe, na kutu kidogo. Siku ya kwanza unapokaza, tabaka hilo linashikilia. Ukiendesha siku mbili, rangi inabonyea, vumbi linasagika, kutu inapukutika. Tabaka likipungua milimita 0.02 tu, bolti imepoteza zaidi ya theluthi ya urefu iliyokuwa imepata, na kubana kumepungua kwa kiasi hichohicho. Nati iko palepale. Ukiitazama, huoni tofauti.

Hata kwenye chuma kipya hali hii ipo, kwa sababu uso wa chuma unaouona laini una vilima vidogo vidogo vinavyosawazika vikibanwa. Hii ni moja ya sababu kitabu cha pikipiki mpya hukutaka urudi mapema kwa ukaguzi wa kwanza. Wengi tunaruka hatua hiyo kwa kuona "pikipiki ni mpya, ina shida gani?" Upya wake ndio shida yenyewe.

Mtetemo wa pembeni ndio adui

Sasa tuje kwenye nati inayozunguka yenyewe mpaka ikadondoka. Fanya jaribio hili hapo ulipo. Kata karatasi pembetatu ndefu, uizungushie kalamu. Ukingo wake utapanda kuizunguka kalamu kama hesi ya bolti. Maana yake, hesi ni mteremko uliozungushwa kwenye nguzo. Kwenye bolti yetu ya milimita 8, nati ikizunguka mara moja inapanda milimita 1.25, huku ikiwa imesafiri zaidi ya milimita 22 kuzunguka. Huo ni mteremko wa digrii 3 hivi.

Chuma juu ya chuma hakitelezi kwenye mteremko mdogo namna hiyo. Ungehitaji kama digrii 8. Kwa hiyo nati iliyokazwa ikiachwa itulie, itakaa miaka.

Jaribio la pili. Weka kifutio juu ya daftari, inua upande mmoja kidogo kidogo, na uache kabla hakijaanza kuteleza. Kimekaa. Sasa ligonge daftari kwa pembeni, kulia na kushoto. Utaona kifutio kinashuka taratibu kwenda chini, ingawa wewe hujakisukuma chini hata mara moja. Msuguano ukishashindwa upande mmoja, unakuwa umeshindwa pande zote, na mteremko, hata uwe mdogo, unachukua nafasi yake.

Mwaka 1969 mhandisi wa Ujerumani, Gerhard Junker, alichapisha majaribio yaliyoonyesha jambo hilo kwenye bolti. Alitumia mashine inayosogeza vipande vilivyobanwa kwa pembeni, huku na huku, akipima nguvu ya kubana. Bolti zilizokazwa vizuri zilijifungua zenyewe. Mtikisiko wa pembeni ulikuwa mbaya kuliko ule wa kuvuta na kuachia kwa urefu wa bolti. Mashine za aina hiyo bado zinatumika kupima bolti na nati, na zinaitwa kwa jina lake.

Rudi kwenye pikipiki ya mdogo wangu. Kila anapokanyaga breki, kile kipande kirefu kinavutwa kwa urefu wake, na bolti imepita ndani yake kwa kukikata. Kwa hiyo kila breki ni mvuto wa pembeni kwa bolti ile. Ongeza mtetemo wa injini: injini ya silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Saa moja ya mwendo huo ni mitetemo 360,000. Halafu ongeza matuta na mashimo.

Lakini angalia mpangilio wa mambo. Nati ikiwa bado na tani yake ya kubana, vile vipande haviteleziani, kwa hiyo mtetemo hauna pa kuanzia. Ni pale kubana kunapopungua, kwa sababu ya uchafu au kukazwa kusikotosha, ndipo vipande vinapoanza kucheza, na mteremko wa digrii 3 unapata kazi. Jumamosi nati ilikazwa. Jumapili na Jumatatu uchafu ulisagika. Jumanne nati ikatoka.

Vizuizi: kipi kinasaidia?

Washa ya springi, ile iliyokatwa na kupindwa, ipo kwenye karibu kila pikipiki. Wengi tunaiamini. Ila ukikaza vizuri inalala bapa, na ikilala inakuwa washa ya kawaida. Nguvu yake ya springi ni ndogo mno ukilinganisha na ile ya bolti. Mwongozo wa bolti na nati uliotolewa na NASA mwaka 1990 ulihitimisha kwamba washa ya aina hiyo haifai kwa kazi ya kuzuia kulegea. Usiitupe kama kiwanda kimeiweka, lakini usiitegemee.

Nati yenye pete ya plastiki ndani inabana hesi, hivyo hata kubana kukipotea haidondoki upesi. Inakupa muda wa kugundua. Ikifunguliwa mara nyingi plastiki inachoka. Ukiweza kuizungusha kwa vidole mpaka mwisho, inunulie mwenzake.

Gundi ya kufungia hesi nayo ni nzuri. Inakauka inapokosa hewa huku ikigusa chuma, ndiyo maana ndani ya chupa inabaki majimaji lakini ndani ya hesi inakuwa ngumu. Hesi lazima ziwe safi, bila oili. Chagua ile ya nguvu ya kati, unayoweza kuifungua kwa spana za kawaida, na isiguse sehemu za plastiki.

Halafu kuna kotapini, ile pini ya waya mnene inayopenya kwenye tundu la bolti na kukunjwa miguu. Hii haijali msuguano wala mtetemo. Nati haiwezi kupita, basi. Mahali ambapo kiwanda kimetoboa tundu la kotapini, kimekuambia: nati hii ikitoka mtu anaumia. Bolti ya mdogo wangu ilikuwa na tundu. Pini haikuwemo. Fundi alikaza nati, hilo nakubali, lakini pini ya bei ya pipi haikurudishwa.

Jinsi ya kukagua

Injini iwe imepoa, pikipiki isimame kwenye stendi ya katikati. Fanya kwa mpangilio huu.

Kwanza tumia macho. Ifute pikipiki, kisha tafuta vumbi laini la rangi ya kutu kuzunguka nati, au alama ya chuma kinachong'aa pembeni mwa washa. Hiyo ni dalili kwamba vipande vinasuguana, yaani kubana kumeshapungua. Hesabu kotapini zote.

Pili, tikisa. Shika gurudumu la nyuma juu na chini, sukuma kushoto na kulia. Shika usukani, vuta na sukuma. Tikisa ekzosi, sehemu za kuwekea miguu na keria. Ukisikia "tok tok", fuata sauti.

Tatu, gonga. Kwa spana ndogo gonga kichwa cha bolti taratibu. Iliyobana huwa inalia sauti kali, iliyolegea inalia kama imefunikwa kitambaa. Inahitaji mazoezi, ila sikio hujifunza haraka.

Nne, jaribu kwa spana, upande wa kukaza, kwa nguvu ya wastani. Isipokubali, iache. Usiwe na tabia ya kuongeza kidogo kila siku, maana hivyo ndivyo bolti inavyovutwa mpaka kufa. Ikikubali kuzunguka, usiishie kuikaza tu. Ifungue, safisha hesi na sehemu ya washa, itazame kama imenyooka, ndipo uikaze upya.

Anza na zile zinazobeba uhai: nati za ekseli mbele na nyuma, kile kipande cha bamba la breki, bolti za breki ya mbele, vishikio vya usukani, shokapu juu na chini, bolti zinazoshika injini kwenye fremu, na nati za sproketi ya nyuma. Hizi za sproketi zikaze kwa kuvuka: moja, kisha ya upande wa pili, ili ikae sawa.

Zipo pia za kutogusa bila kitabu. Nati za kichwa cha silinda zina mpangilio na kipimo chake, na nati ya beringi za usukani inarekebishwa tu kwa kiasi, haikazwi mpaka mwisho. Ukiikaza hiyo, usukani utakuwa mgumu na pikipiki haitanyooka.

Mzani wa samaki na rangi ya kucha

Utasema: spana ya kupimia nguvu nitaitoa wapi? Kama huna, nenda kaazime mzani wa ndoano, ule wa kupimia samaki au nyama. Funga kamba kwenye spana, pima umbali kutoka katikati ya nati mpaka kwenye kamba, ning'iniza ndoano, kisha vuta ukiwa umenyooka pembe mraba na spana. Zidisha kilo kwa sentimita, gawanya kwa 10. Jibu ni Nm, kwa ukaribu unaotosha. Kilo 10 kwa sentimita 20: 200 gawanya kwa 10, ni 20 Nm. Kitabu kikisema 50 Nm, shika sentimita 25 na uvute mpaka kilo 20. Kiasi sahihi cha pikipiki yako kipo kwenye kitabu chake, na kinatofautiana bolti kwa bolti.

Ukishakaza kwa kipimo, chukua rangi ya kucha na uchore mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye nati, upite washa, mpaka kwenye fremu. Kesho yake ukitazama, mstari ukiwa umenyooka, nati haijazunguka. Ukikatika, umeipata kabla haijakupata. Marubani na mafundi wa ndege hutazama alama za namna hiyo kabla ya kuruka. Wewe unaweza kuzitazama huku ukipasha injini moto.

Mstari hautakuonyesha ule ulegevu wa kwanza, wa uchafu kusagika. Kwa hiyo siku mbili tatu baada ya kazi yoyote ya gereji, rudia kupima zile zilizofunguliwa. Hata kama fundi ni wako wa miaka yote. Hata kama umemuona kwa macho yako akikaza.

Mdogo wangu amesharudi barabarani. Pikipiki yake ina vimistari vyekundu kila mahali, rangi ya kucha aliyoipata kwa mke wake, na wenzake kijiweni walimcheka wiki nzima. Juzi nilipopita pale, pikipiki 3 nyingine zilikuwa na mistari. Na yule fundi sasa ana kopo la kotapini mpya juu ya meza, mahali ambapo kila mteja analiona.